Marehemu Aliyekwenda Kotini

Kibaraza cha duka la Abdeali, muuza misumari na vitasa wa Ndia Kuu, kina nafasi ya watu wanne wakibanana, na watatu ikiwa wamekula vizuri. Kahawa huletwa hapo na Mshihiri mmoja, Mwarabu wa Hadramaut asiyependa maneno, mwenye dele la shaba na vikombe vya kugonganisha. Maneno huletwa na kila mtu kutoka kwake. Ukiinuka ukenda mbele kidogo unafika Ngome ya Yesu, ambayo mwaka huo wa arubaini na nane ilikuwa jela, na jirani ya jela ndipo lilipo koti. Mtu akitoka kotini salama hupita kwa Abdeali akanywa kahawa. Asipopita, watu hawana haja ya kuuliza amelala wapi. Alasiri hiyo walikuwa watatu, na nafasi ya nne ilikuwa tupu. Ilikuwa nafasi ya Marehemu.

— Amekimbia huyo, alisema Gunga. Nimeamka alfajiri, mkeka umekunjwa, na shati lake la Jumapili halipo ukutani.

— Kwani mtu akikimbia huvaa shati la Jumapili? aliuliza Abdeali kutoka mlangoni mwa duka lake. Mimi, bhai, siku nikikimbia nitakimbia na fulana.

— Wewe utakimbia na kufuli, alisema Chonga, na funguo umwachie mkeo.

Gunga hakucheka. Alikuwa mshona nyavu za kupakulia shehena, zile nyavu nene za kamba ambazo winchi huzinyanyua zikiwa zimejaa mifuko, na alikuwa mtu wa uso mzito hata siku za sikukuu. Alijifanya anachunguza kiganja chake, lakini jicho lilikuwa likirudi kwenye ile nafasi tupu. Hakumpenda Marehemu. Alimhifadhi tu katika ghala lake la kamba, na kila aliposikia watu wakimsifu kwa wema huo, aliwakatiza: kumhifadhi mtu ni jambo moja, kumpenda ni jambo jingine, na yeye alikuwa na kamba za kulindwa.

Lazima nikueleze huyu Marehemu ni nani, kwa sababu alikuwa mzima wa afya kama wewe. Jina lake Barnabas Ogutu, mtu wa bara, kuli wa bandarini wa miaka mingi na mlevi wa miaka hiyo hiyo. Asubuhi moja kabla ya mvua kubwa kichwa kilimuuma, na kila mtu alijua kwa nini. Akamwazimisha kadi yake ya kibarua mtu mmoja mgeni aliyekuwa akisimama langoni kila siku na kupata kazi mara chache. Kuazimana kadi ilikuwa desturi ya makuli: leo wewe, kesho mimi, na mnyapara akitazama kadi hatazami uso. Siku hiyo kwenye gati dogo la Bandari ya Kale ilikuwa imefungwa meli ndefu kuliko gati lenyewe. Tezi yake, yaani sehemu ya nyuma, ilitokeza nje, kwenye mkondo. Maji yalipoanza kupwa meli ikavutwa, ikayumba, na wavu wa mifuko ya saruji uliokuwa umening'inia hewani ukayumba nayo, ukambana yule mgeni ukutani. Hakuwahi hata kupiga kelele. Mfukoni mwake ikakutwa kadi ya Barnabas Ogutu, kwa hiyo akazikwa Barnabas Ogutu, na mwenye jina alipoamka alasiri kutafuta maji ya kunywa akaambiwa na jirani zake kuwa amekufa.

Angefanya nini? Kuazimisha kadi ni kosa la kufungwa. Akanyamaza, akajificha kwa Gunga, akawa anasokota kamba mchana na kunywa tembo la mnazi jioni. Kijiwe kikampa jina la Marehemu, naye akaliitikia.

— Kampuni ya meli imempata, alisema Chonga. Nawaambieni. Imempata na imemnunua.

Chonga aliitwa Wakili. Hakuwa amesoma sheria, wala hakuwa amesoma sana kitu kingine, lakini aliwahi kutoa ushahidi katika kesi ya mbuzi huko Tononoka, na tangu siku hiyo haikutokea kesi mjini iliyomshinda.

— Imnunue ya nini? aliuliza Gunga. Kampuni yenyewe yajua amekufa.

— Ndiyo maana! Maiti akiwa hai hapa Mombasa ni hatari. Watampakia meli yao usiku, wampeleke Ulaya. Huko hata akisema yuko hai, nani amjuaye?

— Na huko Ulaya mnazi ataupata wapi? aliuliza Abdeali.

— Watamlimia minazi, akasema Chonga bila kusita. Wazungu hawashindwi.

Mshihiri aligonganisha vikombe, akamimina. Kwa mazoea akamimina na cha nne, akakiweka pale mahali patupu, kisha akatazama alichofanya na hakukiondoa.

Kesi yenyewe hakuna mtu mjini ambaye hakuijua. Baada ya kifo kile mkuu wa bandari aliweka amri kwamba kwenye gati dogo isifungwe tena meli inayozidi futi mia mbili. Makuli walishangilia. Kampuni moja ya meli, ile ambayo kijiweni iliitwa Bendera Njano, haikushangilia hata kidogo, maana bandari kubwa ya Kilindini ilikuwa imejaa tangu vita viishe na meli zake zilikuwa zikingoja nje majuma kwa majuma. Ikaenda kotini kutaka amri ile ifutwe. Makuli nao wakapata wakili mmoja kijana wa Kihindi aliyekubali kuwasemea, kijana mwembamba mwenye miwani, na leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho. Amri ikifutwa, kesho yake meli ndefu ingefungwa pale pale, na watu wangesimama pale pale chini ya wavu.

— Mimi misumari yangu iko huko nje, alisema Abdeali. Makasha yangu na ya ndugu yangu Najmuddin, yote yako ndani ya meli ya Bendera Njano. Kila siku nakwenda juu ya dari naitazama. Naiona, siwezi kuigusa.

— Basi wewe wataka amri ifutwe, alisema Chonga kwa ukali.

— Nani amesema? Nimesema naitazama. Wacha ingoje huko. Mke wangu Sabira ameniambia, misumari hii ikishushwa kwa roho ya mtu, nisiilete nyumbani hata mmoja wa kutundikia picha.

Gunga alimtazama yule Mhindi wa Kibohora kwa upande, akamheshimu kidogo, ingawa hakusema.

— Tatizo ni hizo futi, alianza Chonga, akijivuta mbele kama afanyavyo akitaka kuwafundisha watu. Futi ni nini? Futi ni mguu wa mfalme. Zamani walimpima mfalme wao unyayo, wakasema hii ndiyo futi. Haya. Mfalme wa zamani alikuwa jitu. Huyu wa sasa, nimemwona kwenye picha, ni mtu wa miguu midogo. Sasa meli ya futi mia mbili ya mfalme yule, kwa mfalme huyu yafika mia mbili na hamsini. Meli haikurefuka! Mfalme ndiye aliyepungua!

— Lo, alisema Abdeali.

— Ndiyo siri ya kesi. Jaji ayajua hayo ila hawezi kuyasema, atafukuzwa kazi.

— Na Bendera Njano waking'ang'ania gati dogo, wataka nini hasa? Mbona wasingoje Kilindini kama watu? aliuliza Abdeali.

— Ah! Chonga alitazama huku na huku, akashusha sauti. Wataka Ngome.

— Ngome gani?

— Ngome ya Yesu! Kutoka gati dogo mpaka Ngome ni karibu. Wataipakia jiwe jiwe wakaiuze. Meli fupi haiwezi kuichukua, ndiyo maana wataka ndefu.

— Na wafungwa walio ndani? aliuliza Gunga, naye akajikasirikia kwa kuuliza.

— Wafungwa watauzwa pamoja nayo.

Abdeali alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. Gunga aliguna. Alikuwa na lake moyoni, na lilimkaa vibaya. Wavu ule uliomuua mtu alikuwa ameushona yeye. Haukukatika hata uzi mmoja, na alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi sana tangu siku ile, mpaka Abdeali akamwomba kwa heshima asilirudie. Wavu mzima, kamba nzima, winchi nzima, na mtu amekufa. Kilichokuwa kibaya ni meli kubwa kufungwa mahali padogo. Hilo alitaka jaji aambiwe. Na mtu pekee aliyekuwa na kitu cha kumwambia jaji ambacho wengine hawakuwa nacho alikuwa amekunja mkeka wake akatoroka.

— Mlevi ni mlevi, alisema. Nilitarajia nini?

Ndipo Kingi akatokea, mbio, kofia mkononi. Kingi alikuwa tarishi katika ofisi ya yule wakili kijana, na kwa sababu habari zilifika naye kabla hazijatokea, waliomjua walimwita Simu.

— Kahawa! alisema Kingi. Nipeni kahawa kwanza.

— Sema kwanza! wakasema wote watatu.

Alikitwaa kile kikombe cha mahali patupu, akakimeza mara moja, akajipangusa.

— Nyinyi mmekaa hapa, na huko dunia imepinduka. Marehemu amefufuka kotini!

Wote walimsogelea. Hata Chonga.

— Sikizeni. Asubuhi yote wakili wa kampuni asema, huyu Mzungu mrefu mwenye sauti ya padri. Asema meli haina kosa. Asema urefu wa meli hauna kosa. Asema aliyekufa alikuwa mlevi anayejulikana, na huu hapa ushahidi, Barnabas Ogutu, ametozwa faini mara mbili kwa kulala barabarani. Mtu mlevi asimama chini ya mzigo, aitwa hasikii, aambiwa toka hatoki. Basi kosa ni la mnazi! Hivi kweli meli zote za Bahari ya Hindi zikatwe mkia kwa sababu ya mlevi mmoja?

— Na wakili wenu akasema nini? aliuliza Gunga.

— Alisema nini? Alipangusa miwani. Akaivaa, akaivua, akapangusa tena. Mimi nimesimama nyuma yake na makaratasi. Faini zenyewe ni za kweli! Utazikana vipi? Jaji naye ameshaanza kukusanya karatasi zake, mara nasikia sauti nyuma kabisa: "Si kweli."

— Sauti ya nani?

— Nageuka. Marehemu! Shati jeupe, limepigwa pasi, sijui amepiga pasi wapi.

— Kwa mke wangu, alisema Abdeali polepole. Leo asubuhi Sabira aliniambia mtu ameomba pasi. Mimi nikadhani ni dobi mpya.

— Askari amshika mkono amtoe, Jaji amkataza. Jaji amuuliza, wewe ni nani? Asema, mimi ni Barnabas Ogutu. Yule Mzungu mrefu aruka: Barnabas Ogutu amekufa! Marehemu amwangalia, amjibu kwa adabu kabisa: "Ndiyo, bwana. Hata mimi niliambiwa."

Kibaraza kilipasuka kwa kicheko. Chonga aligonga ukuta kwa kiganja. Watu wawili waliokuwa wakipita na mikokoteni wakasimama kusikiliza.

— Koti zima lacheka, hata karani. Karani hajui aandike nini: shahidi amekufa, au aliyekufa ameshuhudia? Jaji akapiga meza, kimya. Akamwambia, ukisema uliazimisha kadi waweza kufungwa, wajua? Asema, najua. Akapewa Biblia akaapa. Kisha akageuka kwa yule wakili wa kampuni, na wallahi, mimi nimekaa kotini miaka mingi, sijasikia mtu kusema vile. Akasema: "Huyo mlevi uliyemsoma ni mimi. Hizo faini mbili ni zangu, na ipo ya tatu hamjaiona. Aliyekufa hakuwa akinywa. Nilimkaribisha mnazi mara mbili, akasema asante ndugu yangu, akakataa. Asubuhi ile aliyelewa nilikuwa mimi, na nilikuwa nimelala. Yeye alikuwa na akili zake zote, na waliokuwapo wasema alisimama alipoambiwa asimame, na mzigo ukamfuata palepale. Ulevi ni wangu. Msimpe yeye."

Kingi alikirudisha kikombe kwa Mshihiri. Hakutia chumvi hapo, na wote walijua kuwa hakutia, maana chumvi ya Kingi ilijulikana ladha yake.

— Jaji amuuliza, umejificha miezi yote hii, kwa nini umekuja leo? Asema: "Amekwenda kaburini na jina langu, bwana mkubwa. Sikutaka aende na tabia yangu pia."

Gunga aliinamisha uso. Kitu kilimpanda kifuani, na kwa kuwa hakuwa amezoea kukisikia kwa ajili ya mtu yule, ilimchukua muda kukitambua. Ilikuwa fahari. Alimwonea fahari Barnabas Ogutu, mlevi wa ghalani kwake, aliyekuwa akitukanwa naye kila asubuhi kwa kukojoa karibu na kamba. Yeye mwenyewe, Gunga, mtu wa sala tano, kama angekuwa amejificha salama na jela iko mlango wa pili na koti, je, angepiga shati pasi akaenda? Alijiuliza, na jibu halikumpendeza.

— Kisha? aliuliza Abdeali.

— Kisha Jaji amuuliza, basi aliyekufa ni nani? Asema, kibarua mwenzangu, bandarini tulimwita Mpole. Jaji akaandika. Mzungu mrefu ajaribu hili, ajaribu lile, maji yashamfika shingoni. Mwisho Jaji asema, amri ya futi mia mbili itabaki kama ilivyo! Hukumu yote ataiandika baadaye, lakini kesho hakuna meli ndefu gati dogo, wala kesho kutwa!

Hapo kelele ilisikika mpaka Kibokoni. Wale wa mikokoteni walipeana mikono na watu wasiowajua. Abdeali aliingia dukani, akatoka na sahani ya halua aliyokuwa ameificha kwa wageni wa Ijumaa, akaiweka kibarazani kama mtu aliyeshinda kesi yeye.

— Na misumari yako? Chonga alimkumbusha.

— Wacha ikae! Ikae mpaka iote kutu!

— Mimi nilijua, alisema Chonga, aliyekuwa amekwisha kujikusanya. Hii ilikuwa njama. Wakili kijana na Marehemu walipanga tangu zamani. Ile miwani kupanguswa ilikuwa ishara. Akipangusa mara moja, ngoja. Akipangusa mara mbili, simama useme…

— Nyamaza, Chonga! alisema Gunga, kwa sauti iliyomshitua yeye mwenyewe. Hakuna njama wala ishara. Mtu amefanya jambo la kiume peke yake, na wewe wataka kumtafutia aliyemfundisha. Leo usimguse.

Chonga alirudi nyuma mpaka ukutani. Hata yeye aliona haya, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amewahi kuliona.

— Sikusema si mwanamume, alinung'unika. Nimesema tu ile miwani.

Na Barnabas mwenyewe akaja. Alikuja akitembea polepole kwa upande wa kivuli, shati jeupe limeshaloa mgongoni, na alipoona watu wamesimama akageuka nyuma kutazama ni nani mkubwa anayekuja. Abdeali akamshika mkono, akamketisha katikati, mahali ambapo siku zote hukaa mwenye duka. Chonga akampa halua kwa mkono wake. Mshihiri akamimina kahawa, akangoja anywe, akamimina ya pili.

— Bwana Barnabas, alisema Gunga. Hakuwa amepata kumwita hivyo. Wamekuachia?

— Mpaka Jumatatu, kaka. Jumatatu nirudi kwa habari ya kadi. Wanaweza kunifunga, wanaweza kuniacha. Wakili kijana anasema atakuja kunisemea bure.

— Na sisi tutakuja. Sote. Duka la Abdeali litafungwa.

— Litafungwa, alisema Abdeali.

— Na ukifungwa, nitakuletea chakula mimi, jela hii hapa. Usipofungwa mkeka wako uko mahali pake. Kamba za kusokota zipo tele.

Barnabas alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akatazama mikono yake. Alikuwa mzima kabisa, hajanywa tangu jana, na hakuwa amezoea kusifiwa. Walimtaka aseme tena lile neno la kuambiwa amekufa. Alilisema, wakacheka upya. Walimtaka aeleze sura ya yule Mzungu mrefu alipomwona. Akaeleza kwa uso wake, bila maneno, na mmoja wa watu wa mikokoteni akalazimika kukaa chini. Kingi naye akaeleza yote tena tangu mwanzo kwa ajili ya waliochelewa, na safari hii alitia chumvi kidogo, Jaji akasimama wima na kumsalimu shahidi kwa mkono, na hakuna aliyemsahihisha, maana wote waliona kuwa Jaji alistahili kufanya hivyo hata kama hakufanya.

Mejumaa alikuwa amefika katikati ya hayo. Alikuwa mama wa makamo kutoka mtaa wa nyuma, buibui lake limebanwa kidevuni, na alitaka utambi wa taa. Mwenye duka alikuwa akila halua. Alisubiri, akasikiliza, na alipoona masimulizi hayana mwisho, akasema kutoka pale kwenye ngazi:

— Hamjambo nyote. Abdeali, utambi wangu nitaupata leo?

— Mara hii, mama, mara hii. Twamsikiliza shujaa.

— Nimemsikia. Mungu amlipe, amesema kweli mahali pagumu. Akamgeukia Barnabas. Mwanangu, huyo maskini aliyekufa, aliswaliwa?

— Padri alimwombea, mama. Wamemzika makaburi ya Wakristo. Kuna msalaba, na juu yake wameandika jina langu.

— Kwani alikuwa Mkristo?

Barnabas alimtazama Gunga, Gunga akamtazama Chonga, na Chonga, ambaye alijua ukubwa wa unyayo wa mfalme, akatazama chini.

— Sijui, mama, alisema Barnabas. Sikumuuliza.

— Hakuwa akinywa, alisema Abdeali kwa sauti ndogo.

— Watu wengi hawanywi, alisema Barnabas. Nilimwona akiosha miguu kabla ya kula, kama mtu anayetawadha. Lakini saruji ile, mama, sote tunaosha miguu.

— Na jina lake alilopewa na wazazi wake?

— Sisi tulimwita Mpole.

— Atoka wapi?

— Alisema bara. Asubuhi ile alikuwa na haraka ya kuingia langoni, na mimi kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilimpa kadi kupitia dirishani.

Gunga alihesabu moyoni yote aliyoyaulizia tangu siku ile ya msiba. Aliuliza kamba, akauliza fundo, akauliza urefu wa meli na mkondo wa maji, na mara ngapi aliwaambia watu wavu wake haukukatika. Mtu aliyekuwa chini ya wavu huo hakumuulizia hata siku moja. Akajisikia vibaya kuliko alivyopata kujisikia.

Abdeali aliinuka, akaleta utambi, akamtilia mkononi na kukataa kulipwa. Mejumaa hakuondoka.

— Basi huko kwao hawajui, alisema.

— Hawajui, alisema Barnabas. Barua ya msiba ilikwenda kwetu, kwa mama yangu. Alinililia majuma matatu mpaka nikapata mtu wa kumpelekea habari kwamba ni mzima.

Alikiweka kikombe chini bila kukimaliza.

— Mama yake Mpole hajaanza kulia.